Vitabu used Dodoma: stoo imeanza kupumua

Kwa mnaofuatilia huu mradi wangu wa kuviuza vitabu vya watu waliomaliza chuo, mzigo bado upo ila saivi mlango wa stoo unafunguka wote.

Kwanza nimechambua. Vya O-level vya mtaala wa zamani vimekaa peke yake, maana mtaala mpya ulianza na form one na kila mwaka unapanda darasa, kwahiyo Civics ya form one hata ukigawa bure mzazi anakuangalia tu, yeye anaulizia Historia ya Tanzania na Maadili. Vya madarasa ya juu navisukuma haraka kabla mtaala mpya haujavifikia. Chenye mhuri wa shule sikiweki mezani kabisa, kinarudi kilikotoka.

Majengo sokoni wananunua jumla, cash, lakini bei yao inauma. Jamaa anaanza na mwaka wa toleo, afu anapitisha kidole gumba kurasa zote prrrr anatafuta iliyochanwa, akimaliza anataja bei kama anakusaidia kutupa takataka. Ukitaka ya maana kidogo unamwachia mali kauli, yaani anauza kwanza ndo akulipe, ila hapo ujue kupiga simu za kukumbushia ni kazi yako.

UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndo kwenye hela, ila pale usiende kichwa kichwa, college zimetawanyika kila moja kilima chake, ukibeba vitabu vya programming ukashukia kwa walimu umekula hasara ya nauli. Vya kompyuta peleka CIVE, college yao ya kompyuta, vya uhasibu hata usipande huko, chuo cha biashara CBE kipo hapa hapa mjini. Na mshindani wako sio muuza vitabu mwenzako, ni PDF na madesa (zile notsi za kutoa kopi) ya stationery. Kitabu cha maandishi matupu mwanafunzi anatoa kopi kurasa anazotaka basi. Kinachotoka ni kile ambacho kopi nyeusi haikitendei haki, mfano anatomia yenye picha za rangi, ile mishipa myekundu na ya bluu ikishakuwa yote kijivu utasomaje? Vya aina hiyo navipost status ya WhatsApp siku bumu, ile hela ya mkopo ya wanachuo, likiingia, bei haishuki sana.

Kwenye status napiga picha jalada, yaliyomo na ule ukurasa mbovu zaidi, inapunguza maswali, afu tunakutana Nyerere Square mtu anakagua analipa.

Riwaya za Kiingereza hapa zinasuasua, nazikusanya ziende Dar kwa wale wauza vitabu wa Posta, ila kwa basi kifurushi kizito kinakula faida kwahiyo nasubiri mtu anayesafiri. Vilivyokufa kabisa vinaenda kwa wauza karanga wafungie, inaniuma lakini mchwa wa Dodoma nao hawaulizi.

Boksi linalofuata ni Advance, form five na six. Ile Advanced Maths kuna wawili wanaivutana inbox na hakuna aliyetuma hata hela ya boda, wa kwanza kutuma anachukua.