Nilivyouhamisha mfumo wa SACCOS kutoka PHP 7.4 kabla ya msimu wa mbolea

PHP ni lugha ya kuandikia programu za tovuti. PHP 7.4, mojawapo ya matoleo yake, ilitoka Novemba 2019, na tangu tarehe 28 Novemba 2022 haipewi tena viraka vya usalama. Nilipokabidhiwa mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ya wakulima hapa Uyole, Mbeya, mwaka 2024, bado ulikuwa unatumia toleo hilohilo. Ulikaa kwenye kompyuta ya Windows yenye XAMPP, yaani kifurushi cha programu za kuendeshea tovuti, tena umefunguliwa kwenye intaneti ili meneja aweze kuona marejesho akiwa nyumbani.

Kwa macho haukuwa na shida yoyote. Risiti zilitoka, ripoti ya mwezi ilitoka. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili: tarehe ya mwisho ikipita, hakuna kinachozimika. Mashimo ya usalama yanaendelea kugunduliwa, ila wa kuyaziba hayupo tena.

Mwenyekiti wa bodi ni mzee wa rika la baba yangu. Baada ya shikamoo nikamweleza, naye akauliza, "Sasa mwanangu, kitu kinafanya kazi, tukitengeneze cha nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza, maana fedha hizo ni za watu wanaolima viazi na mahindi.

Kilichonisaidia kumjibu ni habari ya Juni mwaka huohuo. Lilitangazwa shimo la PHP kwenye Windows, lililosajiliwa kwa namba CVE-2024-4577, linalomwezesha mtu aliye mbali kuendesha amri zake ndani ya kompyuta yako. XAMPP ikiwa kama ilivyosakinishwa nayo ilihusika. Viraka vilitoka katika matoleo ya 8.1.29, 8.2.20 na 8.3.8, basi. Cha 7.4 hakikuwepo. Nikamwambia pia kwamba shambulio lilithibitishwa kwenye Windows za Kichina na Kijapani, na yetu ni ya Kiingereza. Sikutaka kumtisha kwa nusu ya habari. "Lakini Mzee," nikasema, "likija jingine linalotugusa moja kwa moja, kiraka chetu hakitakuja." Akaniagiza niandikie bodi gharama. Siku hiyohiyo niliufungia mfumo usifikike kutoka nje ya ofisi. Meneja alilalamika, nami nilimwelewa.

Kuhamia 8.1 kungekuwa rahisi zaidi, lakini usalama wake ulikuwa unaishia 31 Desemba 2025, yaani tungerudi kwenye kazi ileile upesi. Nikachagua 8.3, ambayo inafika 31 Desemba 2027, nikaiweka kwenye seva ndogo yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04, unaokuja na PHP hiyo. Ubuntu hiyo hupewa viraka kwa miaka 5, na watunzaji wake huziba hata PHP waliyoifungasha humo. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, hilo lina uzito kuliko toleo jipya kabisa.

Kuhusu muda sikuwa na mjadala. Huku kwetu mikopo ya mbolea hupamba moto kuanzia Oktoba, watu wakisubiri mvua. Kazi yote niliipanga iishe ndani ya kipupwe, Julai na Agosti.

Makosa mengi yalijitangaza yenyewe. Msimbo ulitumia each(), amri ya zamani ya PHP ambayo iliondolewa kwenye 8.0, hivyo kurasa zilikataa kufunguka nikazirekebisha. Ripoti moja ilikuwa ikishindwa kusoma hifadhidata kimyakimya; lakini tangu 8.1 mysqli, sehemu ya PHP inayowasiliana na hifadhidata, husimamisha kazi na kutaja kosa, kwa hiyo nayo ikajulikana.

Lililonitia wasiwasi ni kosa lisilopiga kelele. Kwenye PHP 7, ukilinganisha 0 na maandishi matupu kwa alama ya ==, inayouliza kama vitu viwili ni sawa, jibu ni kwamba vinalingana. Kuanzia 8.0 havilingani. Mfumo wetu ulikuwa ukiuliza kama faini ni 0, na kwa wanachama wengi nafasi ya faini iliachwa tupu. Kwenye toleo jipya wote hao wakaonekana wana faini! Hakuna ukurasa uliovunjika, ila barua za madai zingeandikwa kwa watu waliolipa vizuri. Tuliligundua kwa sababu mhasibu alikubali kukaa nami tukalinganisha ripoti ya mfumo wa zamani na ya mpya, jina kwa jina. Yeye anawajua wanachama. "Huyu Mama hajawahi kuchelewa hata mara moja," akasema, nami nikaanza kuchimba. Mtu wa kompyuta akiifanya kazi hiyo peke yake asingeliona.

Bodi sasa imeandika kwenye mpango wake kwamba uhamisho unaofuata utafanyika kipupwe cha 2027, na fedha zake zinatengwa kidogokidogo kila mwezi. Programu ndogo inayowatumia wanachama ujumbe wa kukumbusha rejesho iliandikwa kwa lugha nyingine, Python 3.8, ambayo muda wake wa viraka ulikuwa unaishia Oktoba 2024. Nayo niliihamishia 3.12 kwenye seva ileile. Hiyo itapewa viraka hadi Oktoba 2028.