Kihispania cha nyumbani: tío, cuñado na pingu za maisha

Hapa Malindi Kiitaliano hatukisomi, tunakiokota. Kihispania ni shughuli nyingine, na tangu vijana wanaoongoza wageni wajue kwamba nakizungumza, hawaniachi: nifundishe, nifundishe. Wengi wanadhani ni Kiitaliano kilichobadilishwa lafudhi tu. Na wote huanzia pale vitabu vinapoanzia, kwenye ile picha ya ukoo: babu juu, wajukuu chini, maneno ya kukariri kando. Mimi picha ile siipendi. Inakufundisha kujaza fomu ya uhamiaji, haikufundishi kuelewa watu wakipiga soga.

Chukua tío. Kitabu kitakwambia ni mjomba. Sawa, lakini pia ni ami, ni baba mdogo, ni baba mkubwa, hata mume wa shangazi. Tía naye ni shangazi na khalati kwa pamoja. Mhispania akikusimulia habari za tío wake, utatamani umuulize: wa kuumeni au wa kukeni? Atakushangaa. Kwake ni mamoja. Kwetu ndipo panapojulikana nani atasimama walii siku ya nikahi na nani wa kuombwa pesa za shule.

Halafu kuna tío wa mtaani, naye ndiye utakayemsikia zaidi. Kuna siku niliwapeleka Marafa wasichana watatu wa Madrid kuliona lile bonde la Nyari. Njia nzima ni "¡Mira, tía!", "¡Que no, tía!", "¡Tía, qué calor!" Dereva wetu, mtu mzima, Kiitaliano anakijua na zia anamjua, akanitazama kwenye kioo akauliza polepole, "Hebu niambie, kati ya hawa shangazi ni yupi?" Hakuna. Marika matupu. Huko Uhispania tía ni "shoga yangu", tío ni "bwana wee", na un tío ni jamaa yeyote yule, hata usiyemjua jina. Ila usimwite hivyo mzee aliyekaa na gazeti lake kwenye baraza ya hoteli. Huyo ni señor, na mheshimu.

Mexico hawasemi hivyo. Kule rafiki ni carnal, yaani wa damu moja, au cuate, neno walilolirithi kutoka Kinahuatl, na maana yake ya asili ni pacha.

Waliopitia Kiitaliano wakae macho na primo. Kwa wahudumu wetu wa hoteli, primo ni sahani ya pasta inayotangulia. Kwa Kihispania ni binamu, na tena ni mtu wa kuliwa: "hacer el primo" ndiyo hali ya mgeni anayenunua kinyago kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Na yule nipote wa Kiitaliano, ambaye ni mjukuu na mpwa kwa wakati mmoja, Kihispania kimemgawa kama sisi: nieto ni mjukuu, sobrino ni mpwa.

Papi na mami hazihitaji somo. Mama wa Cuba au wa Jamhuri ya Dominika humwita mwanawe wa kiume papi na binti yake mami, na nani hapa Pwani hajasikia "Kula, baba" akiambiwa mtoto ambaye hata meno hayajatimia? Lakini mwanamume asiyekujua akikurushia "¡Mami!" barabarani, hayo si mapenzi ya mzazi. Ni ileile "sista, sista" ya ufuoni.

Sasa cuñado. Ni shemeji, cuñada ni shemeji wa kike na wifi pia. Amerika ya Kusini kijana humwita cuñado rafiki yake mwenye dada mzuri, utani ambao sisi tunaujua vizuri mno. Uhispania wameupeleka kwingine: cuñado ni yule mtu anayejua kila kitu mezani. Siasa anajua, mpira anajua, na gari ulilonunua jana angekutafutia kwa bei nafuu. Tabia hiyo wameipa jina kabisa, cuñadismo. Nilipoieleza maskani, watu wote walimgeukia mtu mmoja.

Turudi Mexico, kwenye baba na mama, maana huko kuna mitego. "¡Qué padre!" ni "Safi sana!" Mtumieni mtakavyo. Madre ndiye aliyebebeshwa mzigo: desmadre ni vurugu, madrazo ni kipigo kizito, "me vale madre" ni sijali hata chembe, na kwa lugha isiyo ya mbele ya watu. Kisha eti "a toda madre" ni bora kabisa! Sisi tuliolelewa kwamba mama wa mtu hatajwi kwenye ugomvi, nawaambia wanafunzi wangu: hayo yasikieni, msiyaseme.

Esposa ni mke. Esposas ni wake, na pia ni pingu za polisi, zilezile za chuma. Nilitarajia darasa licheke. Kijana mmoja akasema tu, "Kwani sisi tukioa hatufungi pingu za maisha?" nikakosa la kuongeza.

Ninayempenda kuliko wote ni abuela, bibi. Ukimwambia mtu uongo atakujibu "cuéntaselo a tu abuela", kamsimulie bibi yako. Shida ikiangukia juu ya shida, husema "éramos pocos y parió la abuela": tulikuwa wachache, na bibi naye akajifungua. Na mtu anayejipigia debe huambiwa hana bibi, kwa sababu kazi ya kumsifu mjukuu ni ya bibi, na huyu maskini amebaki kujisifu mwenyewe.

Hilo limeingia kijiweni kwa waongozaji. Mtu akianza kuhadithia wageni wanavyompenda yeye peke yake, anakatwa: "¿No tienes abuela?" Juzi mmoja akajibu anao wawili, mmoja Mambrui na mmoja Gede, na wote wanasema hivyohivyo.