Kichri ya pojo, msimu wa kusi

Upepo wa kusi umeanza na samaki wamepanda bei. Bahari ikichafuka, wavuvi wa ngalawa na mashua ndogo hawatoki kila siku, na kile kidogo kinachofika nchi kavu hupata wenyewe mapema. Basi miezi hii ya masika, jikoni kwangu hupikwa kichri sana. Mchele, dali ya pojo, manjano, chumvi, samli. Sufuria moja, na vyombo vya kuosha vichache.

Nataka kuitetea kichri, maana kwetu imetiwa kwenye fungu la chakula cha mgonjwa. Mtu akiharisha, kichri. Mtoto akiota meno, kichri. Akishapona, haitajwi tena mpaka augue mwingine. Mimi naila nikiwa mzima, naipikia wageni, na sioni kwa nini pilau ipewe ijumaa yake halafu hii iachiwe kitanda cha mgonjwa.

Jengo tunalokaa, huku Makadara, Mombasa, ghorofa ya juu anaishi mama mmoja wa Kigujarati, mtu mzima sana, ambaye sote twamwita Ba kama wanavyomwita wanawe. Mimi huniita dikri, yaani binti yangu. Kwake kichri ni chakula cha jioni, cha siku za kawaida, na pembeni huweka kadhi: mtindi uliopigwa pamoja na unga wa dengu, ukachemshwa taratibu kwa tangawizi na pilipili mbichi. Nilipomwomba anifundishe aliniambia, “Dikri, hapana haraka, hapana koroga-koroga.” Somo lenyewe lilikuwa hilo, yaliyobaki nimeyaona kwa macho.

Linalotushinda sisi watu wa Pwani ni ule ulaini. Kwetu sifa ya mpishi ni wali uchambuke, punje kwa punje, sahani ikitikiswa zianguke mbalimbali. Ukishikana waitwa matabwatabwa na jina la mpishi limeharibika. Lakini ni sisi hao hao tunaopiga bokoboko kwa mwiko mpaka ngano na nyama havitambulikani, tukaimwagia samli, tukamwekea mgeni wa heshima siku ya Idi. Ulaini tunaujua. Tumeukubali kwenye ngano tukaukataa kwenye mchele, na sababu yake sijaisikia. Kichri iliyoiva, ukichukua punje ya mchele na punje ya dali ukazibana kwa kidole gumba na cha shahada, zote mbili zapondeka sawasawa, hakuna kiini kigumu katikati. Hapo ndipo pa kufika.

Mtu ataniambia, mbona mseto tunao? Tunao, na naupenda. Pojo nzima, mchele, tui la nazi, mchuzi wa papa juu yake. Hao ni ndugu, ila mseto wategemea nazi na wataka kitoweo. Kichri haina nazi, na hata ukikosa kitoweo, samli yatosha kuilia.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja akielekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wa hapa walikula ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka nje ya kisiwa. Miaka michache baadaye alifika India, na huko akaeleza chakula ambacho watu walikifungulia kinywa kila asubuhi: pojo zilizopikwa pamoja na mchele, zikaliwa na samli. Akakitaja kwa jina la kishri. Karibu miaka 700 imepita na vitu ni vile vile vitatu.

India kwenyewe kila upande una yake. Wabengali huipika siku za mvua, dali ikikaangwa kavu kwanza mpaka inukie, halafu wakaila na samaki wa kukaanga au kimanda cha mayai. Watamili wana pongal, yenye pilipili manga nzima na korosho. Hyderabad hutumia dali ya adesi na huila asubuhi. Hii ya Kibengali nimeipenda, na mvua ikishika naikaanga dali yangu vivyo hivyo. Kazi yake ndogo na harufu yake yajaza nyumba.

Sasa mapishi. Dali nanunua Marikiti kwa wauzaji wa viungo na nafaka: pojo iliyopasuliwa na kumenywa ganda, ya rangi ya manjano. Ile yenye ganda la kijani pia hufaa, ila huchelewa kuiva na kichri yake huwa nzito zaidi. Mchele usitafute ule mrefu wa biriani. Pishori ya Mwea yafaa, na hata chenga zake zafaa, pengine kuliko mchele mzima, kwa sababu zavunjika mapema na kuufanya uji ushike. Kikombe kimoja cha mchele kwa nusu kikombe cha dali ndiyo kawaida yangu. Ukitaka kushiba zaidi, fanya sawa kwa sawa. Huo mchanganyiko una faida yake mwilini: kati ya vijenzi vya protini, mchele hauna lisini ya kutosha na dali inayo tele, dali nayo ina upungufu wa methionini ambayo mchele unayo. Kwa nyumba isiyomudu nyama wala samaki wiki nzima, hilo si jambo dogo.

Chambua vijiwe, osha mpaka maji yatoke safi, roweka nusu saa. Teleka na vikombe sita vya maji, chumvi, na nusu kijiko cha chai cha manjano. Yakianza kuchemka, juu hupanda povu jeupe la dali. Liengue kwa upawa, usiliache. Kisha punguza moto kabisa, funika na uache mwanya, usikoroge. Kwenye gesi, weka ule moto mdogo wa mwisho. Kwenye makaa, toa nusu ya makaa kando. Ba hutumia sufuria ya presha, firimbi tatu basi. Mimi nina sufuria ya kawaida yenye kitako kizito na hunichukua kama dakika 40. Ikikaribia kuiva ndipo utie mwiko, upapase chini isishike, na uongeze maji ya moto ukiona imekaza. Yafaa iwe ya kumwagika polepole kutoka kwenye upawa, maana ikipoa kidogo tu huganda.

Halafu ije samli, na hapa nawaomba msibane mkono. Vijiko viwili vikubwa, samli ya ng'ombe ya kweli, kwenye kikaango kidogo. Ikipata moto, tia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba nzima. Simama hapo hapo. Punje zitaanza kuzungukwa na vipovu vidogo, zitavimba, zitageuka kutoka rangi ya majani makavu kuwa hudhurungi, na harufu itabadilika ghafla. Kati ya hudhurungi na nyeusi ni sekunde chache. Hapo tupia tangawizi iliyopondwa, pilipili mbichi iliyopasuliwa, na mvuje (utomvu mkavu wenye harufu kali) uliosagwa, kidogo sana, ncha ya kisu. Wengi wetu twaujua mvuje kwa harufu yake kwenye chumba cha mzazi, na watu hushtuka wakisikia unaliwa. Ndani ya samli moto ukali wake hutulia na kunukia kama kitunguu thomu kilichokaangwa. Pia husaidia tumbo lisijae gesi ya dali. Mimina vyote kwenye sufuria, itapiga kelele, funika mara moja, acha dakika tano.

Nyanya situmii. Iliki, karafuu na mdalasini zina chakula chake. Ukizitia hapa utapata pilau iliyoharibika, na kichri hujaipata. Vile viungo vya unga vya kupikia mchuzi, vya pakiti, ndiyo kabisa sivitaki: vyafunika ladha ya dali, na dali ndiyo tunayoila.

Mezani weka mtindi, papari za kukaanga, na achari ya embe. Mamangu huila kwa achari ya ndimu na kachumbari yenye pilipili nyingi, na tangu aanze hivyo ameacha kuniuliza kitoweo kiko wapi.

Ikibaki, itie kwenye friji mara tu inapopoa. Mchele uliopikwa haulazwi nje kwa joto letu hili. Asubuhi itakuwa imeganda kama keki: vunja kwa mwiko, ongeza maji ya moto kidogo kidogo, ipashe mpaka ichemke kabisa, na uikaangie samli mpya na bizari mpya, kwa sababu ile ya jana harufu yake imeshakwenda.