Beetle yangu ya 1966 na kwaya ya "weka volti 12"

Nilipoinunua hii Volkswagen Beetle ya 1966, kila aliyeiona aligeuka fundi. Mmoja: toa hiyo injini, weka ya sisi 1600. Mwingine: breki za diski, rimu pana, viti vya kisasa. Na wote kwa pamoja, kama kwaya: ng'oa umeme wa volti 6, weka 12, maana taa zake ni vibatari.

Kwenye taa walisema kweli. Usiku nilikuwa naendesha kwa imani.

Injini sikuigusa. Ni ya sisi 1300 iliyotoka nayo kiwandani, nguvu za farasi 40, namba yake inasomeka vizuri chini ya dainamo. Mlimani inanuna, nami nanuna nayo, tunafika.

Umeme ndio uliniyumbisha. Mjuaji mmoja alinipa njia ya mkato: betri ya volti 8. Inaingia palepale chini ya kiti cha nyuma, hubadilishi kitu kingine. Nikaifunga Jumamosi asubuhi. Jamani! Stata iliruka kama imeumwa na nyuki, taa zikang'aa, honi ikalia kama jogoo mwenye mafua. Nikazunguka mtaa mzima nikipiga honi bila sababu. Jioni taa ya kushoto ikaungua. Jumapili ya kulia ikaifuata, na redio ikaanza kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Jumatatu gari kimya. Kumbe kidhibiti cha dainamo ya volti 6 hukomea volti 7 na kidogo, kwa hiyo betri ya 8 ilikuwa inatoa tu, haipokei. Nikasukuma huku majirani wakinipa pole za kejeli.

Ndipo nikachukua kipimo cha umeme, jambo ambalo mwenye akili angeanza nalo. Kwenye betri: volti 6.3. Kwenye taa yenyewe, ikiwa inawaka: 4.7. Robo ya umeme inaliwa njiani! Mwenye volti 12 akipoteza kiasi hicho anaweza asijue.

Mwizi alikuwa kutu. Ule waya wa hasi wa betri, uliosukwa bapa kama utepe, boliti yake ilikuwa imekalia rangi na ukoko wa kijani. Mwenzake anayeunganisha giaboksi na bodi alikuwa amebaki nyuzi chache, na giaboksi hukaa juu ya mipira, hivyo bila utepe huo injini haina hasi ya kueleweka, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nikasugua kila kiungo kwa msasa mpaka chuma kikacheka, nikapaka grisi. Kisha nikafunga rilei mbili za volti 6, yaani swichi zinazowashwa na umeme mdogo, karibu na taa, ili umeme mzito usipitie swichi ya dashibodi. Waya uwe mnene. Wangu wa kwanza niliunusa kabla sijauona ukiyeyuka. Sikutoboa tundu hata moja, nilitumia skrubu zilizokuwepo.

Siyo kwamba naabudu kiwanda. Masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, nimebadilisha. Ile ya asili ina mzunguko mmoja: paipu ikipasuka popote, magurudumu yote manne yanakosa breki na wewe unakanyaga hewa. Nimeweka ya mizunguko miwili, kama ya matoleo yaliyofuata. Mikanda ya usalama nayo nimefunga. Masta ya zamani iko kwenye boksi, nimeizungushia gazeti lenye mafuta na kikaratasi cha jina. Vitu hivyo usimwachie fundi. Akishavifungua anaviona chuma chakavu.

Gharama? Masta na mikanda vilikula karibu pesa yote. Taa zilikula msasa, waya, na wikiendi tatu. Betri ya 8 siihesabu, hiyo ilikuwa karo.

Mwezi uliopita nilipishana usiku na yule mjuaji. Akageuza gari, akanifuata, akataka kujua nimefunga dainamo ya volti 12 ya aina gani.

Nikamjibu: msasa namba 120.