Anayekalia ubao

Mwezi wa saba nilipopata likizo nikaja Amu, yaani Lamu, jambo la kwanza alilotaka kujua Ami, ndugu wa baba yangu, ni kazi gani hasa ninayoifanya Marekani siku za Jumamosi. Mama alikuwa amemwambia nahesabu mipira. Tulikuwa barazani, Mkomani, baada ya Alasiri, kahawa chungu na kashata mbele yetu, na punda wa mchanga wakipita kwa zamu hata ikabidi tukunje miguu. Nikamweleza: mpira ni mmoja, Ami, na mimi nahesabu kila unapokosa kikapu, umeokotwa na nani.

Kazi hiyo niliipata mwaka wangu wa kwanza Ohio. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo, muhula ukiendelea, haruhusiwi kupita saa 20 za kazi kwa wiki, nazo ni za mle mle chuoni. Basi unashika unachokipata. Wenzangu walipata jikoni na maktaba, mimi nikapata meza ya takwimu ya timu ya kikapu. Nimeshamaliza masomo na nina kazi nyingine, lakini ile meza sijaiacha. Tunakaa wawili kando ya uwanja, mmoja anaita, mwenziwe anaingiza kwenye kompyuta. Mimi ndiye mwitaji. "Thelathini na nne wa jezi nyeupe, ribaundi ya ulinzi." Nje theluji imefika magotini, ndani viatu vinalia kwenye mbao, na mimi sauti imenikauka.

Ribaundi ni mpira uliotupwa ukakosa, kisha ukadakwa. Ukidakwa na timu iliyotupa ni ribaundi ya shambulizi, ukidakwa na wapinzani ni ya ulinzi. Ukitoka nje kabla ya mtu kuudhibiti, hauandikiwi mchezaji, unaandikiwa timu. Kanuni hizo unazijua kwa siku moja. Kusoma hesabu yenyewe ndiko kulikonichukua miaka.

Msimu wa kwanza nilikuwa naiamini jumla. Timu yetu ikiwa na 33 na wageni 27, najua sisi ndio tuliotawala chini ya kikapu. Siku moja kocha msaidizi alinikalisha na kalamu. Alisema: tuchukue wageni wamekosa mara 40, sisi tumekosa mara 20. Katika makosa yao 40, tumeokota 28, wao wameokota 12. Katika makosa yetu 20, tumeokota 5, wao 15. Jumla yetu ni 33, yao 27. Sasa gawa. Wao wamejiokotea 12 katika 40, asilimia 30. Sisi tumejiokotea 5 katika 20, asilimia 25. Mipira mingi tuliiokota kwa sababu wao walikosa sana, lakini kila mpira uliokuwa hewani, wao ndio waliougombania vizuri zaidi, huku na huku. Nilirudia hesabu ile mara tatu usiku ule chumbani.

Tangu hapo sisomi jumla. Nasoma sehemu: mipira mingapi ilikuwako, na tumechukua mingapi katika hiyo. Kwa kawaida walinzi huchukua kama saba katika kila kumi, kwa kuwa wao ndio walio karibu na kikapu. Dean Oliver, mmoja wa watu waliotangulia kuuchambua mchezo huu kwa hesabu, aliyapanga mambo manne yanayoamua mechi: utupaji, kutopoteza mpira, ribaundi, na mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa rafu atupe bila kuzuiwa. Ribaundi aliipa uzito wa asilimia 20 hivi. Si jambo la kwanza, lakini ndilo linaloamua timu itapata nafasi ngapi za kutupa tena.

Nilimpa Ami mfano wa Oscar Tshiebwe, na hapo aliweka kikombe chini, kwa sababu kijana ni wa Lubumbashi, na Lubumbashi wanasema Kiswahili. Msimu wa 2021–22 akichezea chuo cha Kentucky alidaka wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa mwaka. Machi 2022, Saint Peter's, chuo kidogo ambacho wengi hawakuwahi kukisikia, kiliitoa Kentucky raundi ya kwanza ya mashindano ya ubingwa wa vyuo kwa 85 kwa 79, katika muda wa ziada. Tshiebwe alidaka 16 siku hiyo. Mtu mmoja alifanya yake yote na timu ikarudi nyumbani. Mimi naona watu wengi huisoma safu ya ribaundi kama sifa ya mtu, na hapo ndipo inapowapoteza.

Mfano wa pili ni North Carolina na Oregon, nusu fainali ya mashindano hayo hayo, tarehe 1 Aprili 2017. North Carolina wako mbele kwa pointi moja, zimebaki sekunde zisizofika sita. Kennedy Meeks anakosa mitupo huru yote miwili. Theo Pinson anaupiga mpira kwa vidole, unarudi kwa mwenzake. Joel Berry anachezewa rafu, naye anakosa miwili. Safari hii Meeks mwenyewe anaudaka. Mitupo minne imekosa mfululizo, na Oregon hawakupata hata nafasi ya kutupa. Ikaisha 77 kwa 76, na siku mbili baadaye North Carolina wakachukua ubingwa. Kwenye karatasi ni ribaundi mbili tu za shambulizi.

Ami akataka kuona kwa macho yake. Nilikuwa na video ya timu yetu kwenye simu, namba 34 anaruka juu ya watu wote na kuudaka mpira kwa mikono miwili. Naipenda sana video ile. Ami aliitazama, akasema, "Rejeza nyuma." Nikarejeza. "Tena." Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kioo, si kwa namba 34. Kilikuwa kwa namba 12, mfupi, amekaa kama mtu anayevuta kamba, mgongo wake umemkwama kifuani jitu la wageni, anasukumwa na hasogei, na macho yake hata hayautazami mpira.

"Huyu alo tini, asoshika mpira, mwamwandika wapi?"

Nikamwambia hatumwandiki.

Ami alikuwa nahodha tangu sijazaliwa, na mashindano ya mashua ameshiriki miaka na miaka. Katika mashua hizo ubao hutokezwa nje upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, na mtu huukalia ili chombo kisilale. Hakupandisha sauti. "Chombo kikishinda hutajwa nahodha. Na yule kijana alokalia ubao upande wa joshi, maji yampiga mgongo tangu kutoka hadi kurudi, hana amtajaye. Mtoe basi, uone tanga utaliweka vipi."

Sikuwa na la kujibu. Kumkinga mpinzani kwa mgongo kila kocha hukufundisha. Tom Izzo wa Michigan State alikuwa akiwavisha wachezaji wake kofia ngumu na mabega ya mpira wa Kimarekani, wapate kusukumana bila kuumia. Lakini kwenye karatasi ya mechi safu ya jambo hilo haipo.

Mwezi wa Novemba msimu ulipoanza nilinunua daftari. Mechi inapokwisha nakaa na video na kuandika, kila mpira uliokosa: nani alimkinga nani, na nani alisahau. Ni kazi ya saa tatu usiku kwa mechi moja, na hailipwi. Kufika Januari daftari lilikuwa limenionyesha jambo ambalo kompyuta haikunionyesha: namba 12 akikaa benchi, sehemu yetu ya ribaundi za ulinzi inashuka, na anayeshuka zaidi ni namba 34. Hachoki wala hajashiba sifa. Hana tu mtu wa kumfungulia nafasi.

Nikampelekea kocha ukurasa mmoja. Kesho yake aliusoma mbele ya timu, akataja namba 12 kwa jina lake. Yule kijana ametoka shambani, si msemaji, akainama akaanza kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimekwisha fungwa. Namba 34 ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Siku hizi kila Jumapili nikiamka nakuta sauti ya Ami kwenye simu, na nyuma yake adhana ya Adhuhuri au injini ya boti inayotoka gatini kwenda Manda. Hanizungumzii matokeo. Anauliza moja tu: "Yule wa ubaoni jana alikinga mara ngapi?" Nafungua daftari, nahesabu kwa kidole, namjibu: kumi na tisa, Ami.