Alimwumba Acheze

Somo la juma: Zaburi 104:24–26

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Mtunzi wa Zaburi ya 104 anaitazama bahari, na katika mstari mmoja anataja viwili: merikebu zinazopita, na lewiathani, mnyama mkubwa wa baharini, ambaye Mungu alimwumba ili acheze humo. Merikebu ni kazi, mzigo, mtu anayewahi mahali. Lewiathani hawahi popote. Mungu amewapa wote wawili maji yaleyale.

Mstari huu umenikaa moyoni tangu nilipoanza kuwasikiliza marubani wa eropleni ndogo, wale wanaotoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi huku Kongo, asubuhi kuelekea Mitwaba, Manono au Kongolo, wamebeba dawa, mgonjwa, mhubiri, na siku nyingine jeneza. Waulize habari za safari, watakujibu kwa maneno machache. Waulize habari za ndege waliokutana nao huko juu, hapo watavuta viti karibu.

Kiangazi kikielekea mwisho, nyasi zinapochomwa huku kwetu Katanga, mwewe hukusanyika penye moto kuwawinda panzi wanaokimbia. Hewa ya joto inapanda, nao wanapanda nayo wakizunguka, bila kupiga bawa. Rubani akiwaona kwa mbali anajua hapo eropleni itatikiswa, anamwambia abiria akaze mkanda. Kisha wanapishana, na mwewe anageuza kichwa tu, kama mzee aliyekaa barazani akitazama pikipiki yenye kelele ikipita. Marubani hulisimulia hilo kwa kicheko kila mara.

Kwenye viwanja vya vijijini wapo yangeyange. Rubani hupita kwanza chinichini juu ya uwanja ili mbuzi, watoto na ndege waondoke. Yangeyange wanaruka wote, wanazunguka, halafu wanatua palepale walipotoka. Inabidi apite tena. Na eropleni ikilala nje, asubuhi lazima achungulie ndani ya kifuniko cha injini, kwa maana kuna ndege wadogo wanaoweza kujaza majani ya kiota humo kwa muda mfupi sana. Anayatoa, anaondoka, akirudi anakuta mwenyeji ameanza upya.

Hatari ipo, na wao wanaijua kuliko sisi. Tarehe 15 Januari 2009 mabata bukini waliingia kwenye injini za eropleni kubwa iliyokuwa imetoka tu kuruka New York, ikabidi rubani aitue juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 walitoka hai, Bwana asifiwe. Kwa eropleni ndogo hata ndege mmoja mnene anaweza kuvunja kioo cha mbele. Ndiyo maana marubani hufundishwa kwamba ndege wengi wakishtuka hukunja mabawa na kushuka, basi rubani apande. Mtu anayefundishwa hivyo, ambaye macho yake hayatulii anapokaribia uwanja, akikuambia bado anawapenda ndege hao, msikilize vizuri.

Upendo huo ni wa tangu mwanzo. Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright wa Marekani, waliwatazama ndege wakipinda ncha za mabawa, wakajifunza namna ya kuongoza chombo chao. Septemba 1905 Orville aliandika kwamba alipokuwa akiruka juu ya shamba la mahindi alilifukuza kundi la ndege mizunguko miwili. Mmoja alikufa, na hilo linasikitisha. Lakini ona: chombo hakijatimiza hata miaka miwili tangu kiruke mara ya kwanza, na mwenye nacho tayari anakimbizana na ndege!

Habari inayonigusa zaidi ni ya makorongo weupe wa Marekani. Mwaka 1941 walikuwa wamebaki ishirini na ushee tu. Watu wakalea vifaranga, lakini hawakuwa na wazazi wa kuwaonyesha njia ya kuhama majira ya baridi. Mwaka 2001 marubani walivaa kanzu nyeupe zilizowafunika kabisa ili vifaranga wasizoee sura ya binadamu, mkononi wameshika kichwa cha korongo cha bandia. Wakapanda vyombo vidogo sana vya kuruka, wakawaongoza kutoka Wisconsin mpaka Florida, zaidi ya kilomita 1,900. Watu wazima, ndani ya kanzu, wakijifanya korongo! Mwaka uliofuata, baridi ilipokwisha, makorongo walirudi kaskazini wenyewe, bila rubani.

Wapendwa, nasema haya kwa sababu katikati yetu wapo wanaoamini kwamba mtu wa Mungu akicheka sana amepungukiwa imani, hasa nyakati ngumu. Someni Ayubu 39. Ayubu amezika watoto wake, amekaa kwenye majivu, anadai majibu. Mungu anapoanza kusema, hamwelezi sababu ya mateso. Anamwonyesha mwewe anayenyosha mabawa kuelekea kusini, tai anayejenga juu ya mwamba, na mbuni anayemcheka farasi pamoja na aliyempanda. Ndiyo, anayecheka! Mungu alimletea mfiwa kiumbe anayecheka, na sioni popote alipomwomba Ayubu radhi kwa hilo.

Juma hili tuwaombee marubani wetu kwa bidii. Mvua za kwanza zinakaribia. Kumbikumbi watatoka kwenye vichuguu, na mbayuwayu na mwewe watajaa hewani kuwala, hata karibu na njia za kurukia. Tuombe macho yao yaone mapema, na injini zao zilindwe. Na ukikutana na mmoja wao baada ya ibada, kabla hujampa mzigo wa kumpelekea shangazi yako Manono, mwulize wiki hii amekutana na ndege gani.