Kupima Uzito Kila Siku au Kila Wiki: Nilivyofikia Uamuzi Wangu

Nilinunua mizani mwezi wa Rajabu, siku chache baada ya muuguzi wa kituo cha afya kunipima presha mara mbili, akaandika 148 kwa 94 kwenye kadi yangu, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, uzito huu tujitahidi kuupunguza kabla hatujafika kwenye habari za vidonge." Nilikuwa na kilo 91.4 kwa urefu wa sentimita 162, na umri wangu ulikuwa miaka 43. Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga, kwa hiyo nilipofika nyumbani nilipiga hesabu mwenyewe na kuona kwamba uwiano wa uzito na urefu wangu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita) ulikuwa karibu 35, wakati unene uliokithiri huanza kuhesabiwa kwenye 30. Kuhusu chakula sikusumbuka kuamua: nilipunguza wali wa nazi wa usiku, nikaacha maandazi na sukari ya chai, na asubuhi nikawa naenda shule kwa miguu badala ya kupanda bajaji. Kilichonisumbua zaidi ni jambo ambalo nilidhani ni dogo, yaani nipande mizani mara ngapi.

Siku za mwanzo nilipanda kila nilipopita karibu nayo. Nilipima kabla ya chai, nikapima tena niliporudi kutoka shule, nikapima baada ya kuoga na kabla ya kulala. Siku moja ilikuwa hivi: alfajiri 90.8, saa tisa alasiri, baada ya chakula cha mchana na chupa mbili za maji, 92.1, usiku 92.4, na kesho yake alfajiri 90.7. Mtu hawezi kujaza mwilini kilo moja na nusu ya mafuta mchana kutwa, kisha mafuta hayo yayeyuke akiwa usingizini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, sahani ya ugali na samaki nayo ina uzito wake, na vyote hivyo hubaki tumboni na mwilini kwa saa kadhaa kabla ya kutoka kwa mkojo, jasho, pumzi na choo. Nililifahamu hilo vizuri, na bado kila namba iliyopanda ilinikosesha raha, na kila iliyoshuka ilinipa furaha ambayo haikufika jioni.

Wiki ya kwanza ilipokwisha nilikuwa nimefika 89.1. Nilimwambia mume wangu kwamba kwa mwendo ule ningepungua kilo 18 katika wiki nane, naye akaniamini kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Sikujua kwamba sehemu kubwa ya kilo zile 2.3 ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji, hivyo mtu anapopunguza wali, ugali na sukari kwa ghafla, akiba hutumika na maji yake huondoka nayo. Ndiyo maana wiki ya kwanza humfurahisha karibu kila mtu, na ya pili humvunja moyo.

Wiki ya tatu tulikwenda Pangani kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikula pilau, achari na samaki wa kukaanga, wala sikula kwa pupa. Kesho yake mizani, ambayo siku moja kabla ya safari ilikuwa imesoma 88.6, ilisoma 90.2. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiitazama namba ile, nikaona kwamba jitihada yote imekwenda bure, na kwa siku tatu nilirudia maandazi yangu ya asubuhi kana kwamba sikuwa na mpango wowote. Ni baada ya siku hizo tatu ndipo nilipochukua kalamu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili niongeze kilo 1.6 za mafuta kwa siku moja ningelazimika kula zaidi ya kalori 12,000 juu ya mahitaji yangu ya kawaida, na hakuna mwanadamu anayekula hivyo harusini. Kilichopanda kilikuwa chumvi ya achari na samaki, maji yaliyoshikwa na chumvi hiyo, akiba ya wanga iliyojazwa tena na pilau, na chakula ambacho kilikuwa bado hakijatoka. Maandazi ya siku tatu yalinidhuru kuliko harusi yenyewe.

Muuguzi aliposikia habari hii alinishauri nipime mara moja tu kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Huo ni ushauri unaotolewa mahali pengi na una hekima yake, kwa kuwa humwepusha mtu na misukosuko ya kila siku. Nilichagua Jumatatu, nikitaka kuianza wiki nikijua hali yangu. Jumatatu tatu mfululizo mizani ilisoma 88.4, kisha 88.9, kisha 88.6. Nilikuwa nakula vizuri, natembea, viatu vyangu vimeanza kulika upande wa nje, na namba imegoma. Hapo nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote: kama kipimo kinaweza kucheza kwa kilo moja na zaidi kwa sababu ya maji na chakula, na mimi natafuta badiliko la nusu kilo kwa wiki, nitaliona vipi kwa kutazama mara moja?

Nikaanza kuandika kila asubuhi katika daftari dogo la mistari, bila kuitolea hukumu namba yoyote mpaka wiki ikamilike. Wiki ya kwanza ya daftari, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, ilisomeka hivi: 88.6, 88.2, 89.1, 88.9, 88.4, 88.3, 89.3. Ya pili ilikuwa 88.9, 88.4, 88.1, 88.0, 88.3, 87.8, 88.5. Mtu anayepima Jumatatu peke yake angeona 88.6 ikifuatwa na 88.9, akalala na huzuni ya kuongezeka gramu 300. Wastani wa wiki ya kwanza ulikuwa 88.7, na wa wiki ya pili 88.3. Nilikuwa nimepungua takriban gramu 400, kiasi ambacho si haba hata kidogo, kwa kuwa mwendo unaoshauriwa kwa kawaida ni kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Nilirudia hesabu ile mara tatu kwa mkono kabla ya kuisadiki. Pia niligundua kosa langu la kuchagua Jumatatu: nyumbani kwetu Jumapili ndiyo siku ya wageni na wali wa nazi, kwa hiyo kila Jumatatu nilikuwa napima mlo wa Jumapili. Mwenye kupendelea kupima mara moja kwa wiki namshauri achague Jumatano au Alhamisi, mbali na siku ya karamu.

Tangu hapo nimeshika utaratibu mmoja. Mizani naiweka juu ya sakafu ya saruji, pembeni mwa kabati, kwa sababu juu ya zulia au mkeka huzama na kusoma vibaya. Naipanda nikishatoka msalani, kabla ya kunywa chochote, nikiwa na kanga ileile. Mara moja kwa mwezi naijaribu kwa dumu la lita tano lililojaa maji: napanda mikono mitupu, kisha napanda nimelishika, na tofauti inapaswa kuwa kilo tano na uzito mdogo wa dumu lenyewe. Jaribio hili lilinisaidia sana siku niliyopimwa kwenye kituo kimoja na kuambiwa nina kilo mbili zaidi ya zile za nyumbani. Mizani yao ya mshale haikuwa imeanzia kwenye sifuri, nami nilikuwa nimevaa viatu na nimekwisha kunywa chai. Zamani ningerudi nyumbani nikilia. Safari ile nilikumbuka dumu langu, nikaendelea na shughuli zangu. Mizani mbili hazilinganishwi. Mtu huchagua moja na kufuatana nayo.

Ramadhani ilinifundisha zaidi. Siku moja, nikiwa na shauku, nilipima dakika chache kabla ya magharibi na kuona 86.9, namba ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye mizani ile. Ilikuwa kiu tu. Baada ya maji, tende, uji na mihogo ya nazi namba ilikwishapanda kwa zaidi ya kilo. Nilihamishia kipimo changu wakati wa kuamka, kabla ya daku, na wastani wa wiki ya kwanza ya mfungo ukapanda gramu 600, kwa sababu chakula cha usiku kilikuwa bado tumboni. Sikushtuka. Nililinganisha wiki za Ramadhani zenyewe kwa zenyewe, na wastani wa wiki ya mwisho ulikuwa chini ya ule wa wiki ya kwanza.

Jambo jingine linawahusu wanawake, na sioni sababu ya kulificha. Siku tatu au nne kabla ya hedhi namba zangu hupanda kati ya gramu 800 na kilo 1.2, kisha hushuka zenyewe. Mwili hushika maji katika siku hizo. Kabla ya daftari nilikuwa nikifikiri kwamba kila mwezi kuna wiki moja ninayoharibu mambo, na nilijilaumu kwa kosa nisilolifanya. Sasa nalinganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Kuna kipindi ambacho hata wastani haukunitosha. Kwa wiki tano nilibaki kwenye kilo 83 na ushei. Nilitoa futi ya fundi cherehani, nikaizungusha kiunoni usawa wa kitovu, na kuona kwamba kiuno kilikuwa kimepungua sentimita mbili katika kipindi hichohicho. Tangu siku hiyo napima kiuno mara moja kwa mwezi. Nilianza na sentimita 104, nami natamani kufika chini ya 88, kipimo ambacho kwa wanawake kikizidi hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huongezeka sana.

Nimesoma pia kuhusu rejista ya taifa ya Marekani ya watu waliofanikiwa kupunguza uzito na kuudumisha, iliyoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill. Takriban robo tatu ya waliomo hupima uzito angalau mara moja kwa wiki. Taarifa hiyo haithibitishi kwamba mizani ndiyo iliyowapunguza, kwa maana huenda mtu anayejitunza hupima kwa kuwa anajitunza. Hata hivyo ilinipa moyo kuona kwamba wanaodumu hawakuiacha mizani.

Lazima niseme upande wa pili, nao umenigusa ndani ya nyumba yangu. Binti yangu ana miaka 15 na ni mwembamba. Asubuhi moja nilimkuta juu ya mizani, amevuta tumbo ndani, anasoma namba kwa sauti ndogo. Nilipomuuliza, alisema, "Mama, na mimi nataka kushuka kama wewe." Wiki hiyo alikuwa amekataa chakula cha usiku mara mbili. Nilikaa naye, nikamweleza kwamba mimi napima kwa sababu ya presha na kwa ushauri wa hospitali, na kwamba mwili wake bado unakua na unahitaji kuongezeka. Kisha niliihamisha mizani, nikaifungia kabatini chumbani kwangu, na ninaitoa mlango ukiwa umefungwa. Mtu ambaye namba humfanya aache kula, au humtawala siku nzima, kwake kupima kila siku ni madhara, na hata mara moja kwa wiki huenda ikawa nyingi. Huyo nguo zake na futi ya kiuno zinamtosha, na azungumze na mtaalamu wa afya.

Watu wa nje nao wana mizani yao. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, akipungua huulizwa anaumwa nini. Shangazi yangu alinijia na maziwa ya mgando na uso wa huzuni: "Mwanangu, niambie ukweli, una ugonjwa gani?" Nilimfungulia daftari. Hakujali wastani, lakini alipoona kurasa zimejaa tangu Rajabu, alielewa kwamba nilikuwa nimekusudia.

Kufikia mwezi wa Maulidi wastani wangu wa wiki ulikuwa 78.2. Sasa napima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu, na nimejiwekea kwamba wastani ukizidi 80 nitarudi kupima kila siku mpaka ushuke. Nilipokwenda kliniki mara ya mwisho presha ilisoma 128 kwa 82. Mizani yao ilisoma 79.9, nikiwa na viatu na chai tumboni, muuguzi akaiandika, nami sikubisha. Aliomba kuliona daftari. Alilifungua taratibu, akafuata safu moja kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha akauliza, "Mwalimu, hizi za Jumatatu mbona ziko juu kila wiki?"

"Jumapili tunapika wali wa nazi," nikamjibu, naye akanirudishia daftari.